Maji Katika Glasi ya Mke Mwenzangu

Jumatatu, 3 Machi

Ndege imekohoa. Nimefurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia jambo kama hilo akaniacha salama.

Ilikohoa jana, ng'ambo ya mto, mke mwenzangu akiwa peke yake ndani. Injini ikapungua nguvu, ikatetemeka, ikanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ikarudi. Akageuza, akatua. Alishuka uso umempauka, akaomba maji. Nikampa. Nikamshika mikono mpaka ikatulia. Halafu nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikafurahi huko.

Mke mwenzangu ni mjukuu wangu. Babu yake ndiye aliyeanza. Alimwona mtoto mchanga akasema huyu sasa ndiye mke, yule mwingine ameshachakaa. Yule mwingine ni mimi. Mama yake mtoto, binti yangu, alikufa kabla hajamwachisha ziwa. Babu naye ameondoka. Tumebaki wake wawili bila mume, kwenye nyumba iliyo mwisho wa uwanja wa ndege, na ndege yenye umri mkubwa kuliko wa binti yangu alipokufa.

Sasa kuna kampuni ya mbali. Inataka rubani mwenye ndege yake, awasafirishe madaktari wa mifugo. Kazi ya kudumu. Ndege ikipona, anaondoka. Isipopona, anabaki. Hesabu hiyo hata mimi ambaye sikukanyaga darasa naiweza.

Fundi amekuja jioni. Ni rafiki wa marehemu, wamefungua na kufunga ndege hii tangu wakiwa na nywele. Amesema shemeji usijali, nitaupata ugonjwa.

Nimemwombea afya njema na asiupate.

Jumanne, 4 Machi

Fundi amefungua chujio. Safi. Amefungua kabureta, ametoa vitu vidogo vidogo akavipanga kwenye gazeti. Safi pia. Amepuliza mabomba kwa mdomo mpaka midomo imekuwa ya bluu. Amekuja kuosha uso nyumbani akanieleza, maana hupenda kueleza. Mafuta yanatoka kwenye tangi juu ya bawa, yanateremka yenyewe kwenye bomba, chujio, kabureta, injini. Njiani humo kuna kitu kinayakaba. Kama si uchafu, basi ni maji.

Maji, akasema, ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini ya tangi, yakisubiri. Injini ikiyameza inapaliwa. Ndiyo maana rubani, kila asubuhi, hukinga mafuta kidogo kwenye glasi akayatazama.

Glasi hiyo naijua. Mimi ndiye mwoshaji wake tangu nilipoolewa.

Fundi aliendelea kueleza. Mimi sikusikia tena. Nilikuwa natazama glasi.

Jumatano, 5 Machi

Jana jioni niliosha glasi. Sikuifuta. Niliacha matone machache chini. Glasi yenyewe imefifia kama jicho langu la kushoto, huoni kitu mpaka utie rangi.

Asubuhi mke mwenzangu aliingia chini ya bawa, akakinga. Petroli ya ndege ni ya bluu, nzuri kama kanga mpya. Akaiinua juani. Chini ya bluu, tone jeupe linazunguka kama shanga. Akamwita Fundi. Fundi akajipiga kofi pajani, akasema si nilisema, maji. Akafurahi. Mke mwenzangu akafurahi kwa sababu ugonjwa umejulikana. Mimi nikafurahi kwa sababu zangu. Sijapata kuona ugonjwa uliofurahiwa na watu wote namna hii.

Hakuna aliyeruka leo. Tulikula pamoja mchana. Aliniambia chumvi imezidi. Nilitamani aniambie hivyo miaka yote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeweka tena. Yameonekana tena.

Fundi anasema mvua inapita kwenye mfuniko wa tangi. Amebadilisha mpira wa mfuniko. Kisha wakaifunga ndege kwenye nguzo kama ng'ombe, wakawasha injini, ikanguruma asubuhi nzima bila kupaliwa hata mara moja. Fundi akakasirika. Angani mgonjwa, ardhini mzima. Nikamwambia binti yangu alikuwa hivyohivyo, homa yake ilikuwa inapanda siku za shule na kushuka akiambiwa abaki. Fundi akacheka. Mke mwenzangu akaacha alichokuwa akifanya, akataka nimweleze zaidi. Hajui mengi kuhusu mama yake. Nikamweleza mpaka ugali ukaungua.

Walipozima injini na kufungua mfuniko, tangi lilitoa sauti. Fyuuu. Kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Niliisikia nikiwa naanika nguo. Nikasema moyoni, hata wewe umechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Na ni chai iliyoniponza.

Jana jioni mtungi ulikuwa mtupu, na mke mwenzangu alikuwa anakuja kuchukua glasi. Nilikuwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Nikaidondosha kidogo kwenye glasi. Maji ni maji, nilidhani.

Asubuhi tone likaonekana la kahawia. Fundi akaliangalia sana. Akasema hiyo ni kutu. Lakini tangi la ndege hii haliwezi kushika kutu, bati lake si la namna hiyo. Kwa hiyo kutu imetoka kwenye mapipa. Kwa hiyo ni Kidebe.

Kidebe ndiye anayeuza mafuta hapa uwanjani. Mimi na yeye hatuivi. Ana sufuria yangu kubwa tangu msiba wa mume wangu, na nikimkumbusha anajibu kwamba msiba haujaisha. Akaitwa. Akaja na kofia yake iliyochanika, akatazama glasi, akasema mapipa yake anayasugua kuliko Fundi anavyojisugua mwenyewe. Fundi akasema hilo ni kweli, maana Kidebe ana mapipa mengi na sabuni kidogo, ndiyo sababu ananuka hivyo. Wakashikana mashati. Mke mwenzangu akaingia katikati.

Mimi ningeweza kukaa kimya. Sikukaa. Nikasema hata mimi mafuta ya Kidebe siku hizi siyaelewi. Mdomo huu. Kufikia jioni marubani wawili walikwenda kujaza kwingine, na Kidebe alikuwa ameketi juu ya pipa lake peke yake, kofia magotini.

Wamemwaga tangi lote. Wamelijaza mafuta mapya kutoka mbali, yaliyochujwa kwa ngozi laini. Kesho mke mwenzangu anairusha kuijaribu.

Siwezi kuweka matone tena. Tangi ni safi, mafuta ni mapya, yakionekana maji watauliza yametoka wapi.

Na nimekaa hapa na jambo moja ambalo sikulifikiria. Ndege haikuwahi kuwa na maji. Maji yalikuwa yangu. Kwa hiyo ilichoumwa Jumapili, inaumwa bado. Na wote wanaamini imepona.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilificha ufunguo wa ndege kwenye unga. Fundi akatoa wa akiba.

Nikasema nimeota vibaya. Mke mwenzangu akanibusu paji la uso, akasema naye aliota anachelewa.

Nikamfuata mpaka kwenye ndege. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Alikuwa ameshapanda, mlango uko wazi, ananisubiri niseme ninachotaka kusema. Mdomo ukafunguka. Kikatoka: umekula?

Akasema nimekula, Bibi. Akafunga mlango.

Nilisimama kwenye kamba ya nguo. Ndege ya hapa ukishaizoea huisikii, kama unavyoacha kusikia saa ya ukutani. Mimi nilikuwa naisikia. Ikapanda, ikazunguka mji, ikazunguka tena. Fundi akasema unaona shemeji, imepona. Halafu ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu sikusikia kitu.

Mungu asikusikizishe kimya kile.

Fundi alikimbilia pikipiki. Mimi sikumsubiri, nilikimbia, na sijui kandambili zilibaki wapi. Aliniokota njiani. Nilipanda nyuma yake nikaushika mkanda wake, nikamwambia Mungu maneno ambayo hayaandikiki. Nilimwahidi vitu ambavyo sina.

Tuliikuta kwenye shamba la maharage. Imesimama kwa magurudumu yake, puani imejaa majani. Mke mwenzangu alikuwa juu ya bawa, amepiga magoti, amefungua mfuniko wa tangi anachungulia ndani. Mdomo wa chini umepasuka, damu imeganda kidevuni. Mwenye shamba alikuwa amemletea kiti na hakuna aliyekikalia. Nikakikalia mimi. 

Aliponiona alishuka, akaja, akanifuta uso kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 9 Machi

Wameirudisha ndege kwa trekta, bila mabawa kuguswa popote. Injini iliwaka palepale shambani kwa mara ya kwanza, kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi amezeeka kwa usiku mmoja. Ameketi bandani na kuitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyemdanganya.

Mke mwenzangu alinifuata jikoni. Nilikuwa nachambua mchele. Akaketi chini karibu nami, akaanza kuchambua naye. Akasema jana kule shambani, kabla hatujafika, alikinga mafuta ya tangi kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, baada ya kuikausha vizuri. Hayakuwa na maji. Hata tone.

Nikasema ahaa.

Akachambua kidogo. Akaniuliza glasi huwa inaoshwa na nani.

Nikasema na mimi.

Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Akasema basi, Bibi, usiioshe tena.

Tukamaliza mchele.  Angenipiga ningeshukuru. Alinitengea nyama kubwa kwenye sahani yangu, nikaila kama dawa.

Jumanne, 11 Machi

Glasi sigusi. Nimeacha. Lakini kuacha glasi si sawa na kukubali aende. Kuna njia nyingine, ya huruma. Fundi ana moyo laini. Nikimlainisha zaidi atamwambia hii ndege si ya safari ndefu, abaki aruke hapahapa karibu, arudi nyumbani kula.

Nikampelekea chai bandani. Nikakaa juu ya debe. Nikamwambia shemeji, mimi ni mzee. Akasema mbona hilo linajulikana. Nikamwambia nimezika mume na mtoto. Akainamisha kichwa. Nikaona nakaribia. Nikamwambia hata ndege yenyewe haitaki kwenda, ina huzuni, mbona mkiifungua mfuniko inashusha pumzi.

Fundi akaweka kikombe chini. Akaniuliza inashusha pumzi vipi.

Nikasema fyuuu. Kama mtu aliyetua mzigo. Kila mkizima injini na kufungua. Niliisikia Alhamisi. Ni huzuni, shemeji.

Akaniuliza inatoa pumzi au inavuta.

Nikasema mimi nitajuaje, mimi nilikuwa naanika nguo.

Akasimama. Chai ikamwagika na hakuitazama. Akamwita mke mwenzangu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mume wangu alipokuwa hai. Wakawasha injini, wakaiacha inywe mafuta muda mrefu, wakazima. Fundi akapanda juu ya bawa, akaweka sikio karibu na mfuniko, akaufungua taratibu. Fyuuu. Akaweka kipande cha gazeti juu ya tundu. Gazeti likanyonywa.

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akaeleza, na safari hii nilisikia kila neno. Tangi lazima livute hewa. Mafuta yakitoka, hewa iingie mahali pake. Chini ya bawa kuna kibomba chembamba cha kazi hiyo. Kikiziba, tangi linajinyonga lenyewe, mafuta yanagoma kuteremka, injini inakufa. Ardhini injini hunywa kidogo, tangi linavumilia. Ukitua ukafungua mfuniko kutazama kama kuna maji, hewa inaingia, tangi linapona. Mpaka safari ijayo. Yaani kadiri walivyotafuta maji ndivyo walivyokuwa wakiuponya ugonjwa na kuuficha.

Akaingia chini ya bawa na waya. Akachokonoa. Ukatoka udongo, mkavu, umefinyangwa vizuri, na ndani yake vifuko vya watoto wa nyigu. Nyigu alijenga humo. Alitafuta mahali padogo, pa giza, pa kuweka watoto wake wasiende popote.

Mke mwenzangu akanikumbatia. Akasema Bibi umeniokoa. Fundi akasema shemeji wewe ndiye fundi.

Nilitaka kumrudishia nyigu udongo wake.

Jumatano, 12 Machi

Ameruka mpaka mbali na kurudi. Haikukohoa.

Nikaenda kwa Kidebe. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nilipeleka maandazi. Nikamwambia mafuta yake yalikuwa safi, Fundi amesema, kosa ni nyigu. Kidebe akaniambia hilo ameshalisikia. Lakini marubani wale wawili hawajarudi. Wamezoea kule. Akasema, bila hasira, mama, mimi nina pampu moja na jina moja.

Nilingoja anitukane, hatukuzoea kuongea bila matusi. Akaingia ndani akatoka na sufuria yangu. Imesuguliwa inang'aa. Akasema chukua, msiba umeisha.

Nimeibeba njia nzima kifuani. Nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nilipofika nikamtuma Fundi kwa marubani wale awaeleze. Ameeleza. Mmoja atarudi. Mmoja amesema ataona.

Jumamosi, 15 Machi

Amekwenda.

Nilimfungia chakula cha watu wanne. Akasema ndege itashindwa kupaa. Nikasema vizuri. Akacheka, nami nikacheka, kisha hakuna aliyeweza kuacha bila kulia.

Alinikumbatia nikasikia mifupa yake. Mifupa ya mama yake. Nikamwambia huko aendako kama kuna baridi avae, kama kuna wanaume wajinga asivae sura ya kucheka. Akasema ndiyo, mke mwenzangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Huwa mimi ndiye ninayemwita.

Ndege ikapaa. Sikutazama. Watu wote walitazama juu, mimi nilitazama nguo kwenye kamba. Lakini nilisikiliza.

Mungu anisamehe. Baada ya yote, baada ya shamba lile la maharage, nilisikiliza kama itakohoa. Kidogo tu. Arudi tu, anywe maji, nimshike mikono.

Haikukohoa. Iliimba vizuri mpaka nikabaki nasikia nzi.

Fundi alikaa nami mpaka jioni.  Alipoondoka nikapika. Nilipopakua ndipo nikaona nimetoa sahani mbili.

Jumapili, 23 Machi

Amepiga simu. Kazi nzuri. Madaktari wa mifugo ni watu wema ila wananuka. Chumba chake kina dirisha. Amenunua blanketi. Ana rafiki, mpishi, ambaye chumvi yake haizidi. Hilo la chumvi lilinichoma mahali.

Nikamuuliza anakuja lini. Akasema baada ya miezi, Bibi, ndiyo kwanza nimeanza. Alisema kwa upole sana. Angesema kwa ukali pengine ningejizuia.

Nikamwambia nimeteguka mguu.

Akaniuliza mguu gani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema wa kulia. Akaniuliza niliangukaje. Nikasema nilikanyaga vibaya nikiwa natoka kuoga, huu wa kushoto ukateleza. Akasema umesema wa kulia. Nikasema ndiyo, wa kushoto uliteleza ukauumiza wa kulia. Nilijisikia fahari, niliipata papo kwa papo.

Anaomba ruhusa. Atakuja Ijumaa, atalala siku mbili.

Fundi amenikuta uani mchana nikipita na mwiko wa ugali kama fimbo, kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi. Akaniuliza shemeji kulikoni. Nikasema mwiba. Akataka kuutoa. Nikamfukuza.

Shida ni kwamba mguu wa kushoto ndio unaochechemea vizuri. Wa kulia unasahau, unatembea kama wa msichana. Nina mpaka Ijumaa. Nimeufunga kitambaa ili ukumbuke.

Akifika nitapata nafuu polepole. Polepole sana.